Kabla Nanga Haijang'olewa

Nikisema mimi ni wakili wa kesi za meli, swali la kwanza huwa ni la maharamia. Siwalaumu wanaouliza. Mwaka 2006 Wasomali kumi walionaswa na manowari ya Marekani baada ya kuteka jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat, waliletwa Mombasa, wakashtakiwa na kufungwa miaka saba kila mmoja. Kwa muda mrefu baadaye mahakama za mji wetu zilijaa wanahabari wa kila taifa. Jirani zangu bado wanaamini nilikuwemo. Sikuwemo. Wenzangu wa kesi za jinai walipokuwa wakipigwa picha, mimi nilikuwa katika ghala moja la Shimanzi nikinusa mchele uliolowa.

Kazi yangu haina bunduki. Ni mchele, ni sukari iliyopungua uzito, ni klinka ya saruji iliyochanganyika na mabaki ya mzigo wa safari iliyotangulia. Ni bili ya mafuta ambayo meli ilijaziwa ikaondoka bila kuilipa. Ni demareji, yaani tozo ya ucheleweshaji, neno ambalo wenye maduka wa Kongowea na wa Kikuubo kule Kampala hulitamka kwa kusonya. Na ndani ya kila faili mna watu wawili walioanza kama marafiki. Waliuziana kwa simu, mmoja akamwambia mwenzake "hayo tutaandikiana baadaye," na baadaye hiyo haikuja mpaka siku waliponijia mimi, kila mmoja kwa mlango wake.

Nimekaa katika kazi hii kiasi cha kuamini kwamba sheria yote ya bahari imezaliwa na jambo moja tu: meli huondoka. Mtu wa nchi kavu ukimdai, ana shamba, ana duka, ana mjomba wa kumwonea haya. Meli haina mjomba. Mwenyewe ni kampuni iliyosajiliwa katika nchi ambayo hata wakurugenzi wake hawajaikanyaga, na mara nyingi kampuni hiyo haina mali nyingine duniani ila meli hiyo hiyo moja. Bendera ni ya nchi nyingine, mabaharia ni wa nchi ya tatu, aliyeikodi yuko nchi ya nne. Mwenye mchele akija kugundua kwamba magunia ya chini yameoza, meli iliyouleta imeshapita Durban.

Tusidhani ni ujanja wa leo. Manahodha wa Suri kule Oman, ambao vyombo vyao vilikuwa vikitia nanga Unguja na Lamu, walipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zilizokuwa zikisaka biashara ya watumwa zisiwapekue. Jambo hilo likawa ugomvi wa madola, likapelekwa The Hague, na uamuzi ukatolewa mwaka 1905. Ufaransa iliambiwa kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892 haikuwa na ruhusa ya kumgawia bendera yake kila aliyeitaka, isipokuwa wale waliothibitisha kwamba iliwahesabu kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Huwa nawasimulia kisa hicho vijana wanaokuja kwangu kufanya uanagenzi, hasa wale wanaodhani bendera ya kukodi ilibuniwa na matajiri wa Ugiriki.

Kwa kuwa meli huondoka, sheria ikaweka jambo linalowachekesha wanafunzi wanapolisikia mara ya kwanza: unaishtaki meli yenyewe. Jina lake ndilo huandikwa juu ya karatasi za mashtaka, na hati ya kuikamata hubandikwa juu ya mwili wake. Zamani ilikuwa mlingotini, siku hizi ni kwa gundi kwenye kioo cha chumba cha usukani. Hapa Kenya mamlaka hayo yamo katika kifungu cha 4 cha sheria inayoongoza mahakama zetu. Kifungu hicho kinaipa Mahakama Kuu kesi za baharini na za maziwani, kisha kinaiagiza ifuate utaratibu wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Zaidi ya miaka sitini tangu tujitawale, jaji wa Mombasa anayetaka kujua namna ya kuizuia meli iliyofungwa gatini Kilindini bado hufungua vitabu vya London. Mimi nimelishwa na vitabu hivyo, lakini bado naona ni aibu, na Bunge lina uwezo wa kuiondoa.

Meli hukamatwa Ijumaa jioni. Sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo: mteja hukumbuka deni lake meli inapokaribia kumaliza kupakua, na masjala ya mahakama inapokaribia kufungwa. Utakimbizana na jaji, utakimbizana na muhuri, kisha utamwomba mtu wa boti akufikishe nangani bahari ikiwa imechafuka. Ukipanda ngazi ya meli ile mara ya kwanza unajiona jemadari. Halafu nahodha anakupokea, anasoma karatasi yako kwa utulivu, anakuuliza kama utakunywa chai. Deni si lake. Huenda hata hamjui mwenye meli. Amekaa miezi baharini akiwaza harusi ya binti yake, na wewe umemletea karatasi inayosema haendi popote.

Mzee aliyenifunza kazi hii, Mungu amrehemu, alikuwa na swali aliloniuliza kila nilipompelekea hati ya kukamata aipitie: "Mwanangu, unahitaji kuizuia, au unataka tu kuiona imezuiwa?" Halikuwa swali la mapambo. Tangu kesi ya meli Evangelismos iliyoamuliwa mwaka 1858, sheria ya Kiingereza inasema aliyekamata meli ya watu kimakosa halipi fidia, ila ikithibitika alifanya kwa nia mbaya au kwa uzembe uliokithiri. Maana yake wakili ana uwezo wa kusimamisha mali ya mamilioni ya dola kwa kiapo cha kurasa chache, na akikosea, hasara ni ya mwenzake. Uwezo wa namna hiyo humvaa mtu. Nimewaona mawakili wazuri ukiwageuza wakorofi, wakawa wanakamata meli kwa madeni ambayo yangelipwa kwa simu moja ya heshima. Swali la mzee nimelibeba mpaka nje ya ofisi. Nikitaka kumwadhibu mtu, awe mfanyakazi au mtoto wangu, hujiuliza kwanza kama adhabu hiyo ina kazi, au mimi ndiye nataka kuonekana.

Kuna kesi moja ya bandari yetu ambayo mawakili wote wa Kenya huitaja, hata wale wasiojua omo wala tezi. Ni kesi ya meli Lillian S, iliyodaiwa na kampuni ya mafuta ya Caltex na kufika Mahakama ya Rufaa mwaka 1989. Humo Jaji Nyarangi aliandika kwamba mamlaka ya mahakama ndiyo kila kitu, na kwamba jaji akishajua hana mamlaka anapaswa kuweka kalamu chini pale pale. Leo utasikia Lillian S ikitajwa katika kesi za ardhi, za uchaguzi, za mirathi, na wanaoitaja hawajawahi kujiuliza ilikuwa imebeba nini. Kwangu mimi funzo lake liko karibu zaidi. Watu hupoteza nguvu nyingi wakibishana mbele ya asiyeweza kuwaamulia. Mke na mume hubishana mbele ya mashemeji. Wafanyabiashara hupelekana kituo cha polisi kwa deni ambalo polisi hawana kazi nalo. Kabla ya kufungua kinywa, nimezoea kuuliza: huyu ninayemwambia, ana uwezo wa kufanya nini?

Ukishaikamata meli, jambo la kushangaza hutokea. Ugomvi hupoa. Kwa kawaida ndani ya siku chache barua hufika kutoka moja ya zile klabu za bima za wenye meli, nyingi zikiwa na ofisi zake London au Skandinavia, ikiahidi kulipa chochote mahakama itakachoamua hadi kiwango fulani. Barua ikikubaliwa, meli inaachiwa, inakwenda zake. Mzigo wa hoja unabaki, lakini hofu imeondoka, na watu wasio na hofu husikilizana. Nimeona kesi zikichukua miaka bila yeyote kupandisha sauti, kwa sababu tu kila mtu anajua pesa ipo mahali. Huko kwetu tunafanya kinyume. Tunaanza na hoja, tunazimaliza zote, matusi yakiwemo, halafu ndipo tunakumbuka kuuliza, "Kwani alikuwa na kitu cha kulipa?"

Dhamana kama hiyo ya barua ya klabu huwakumba hata wasiomdai mtu wala kudaiwa. Meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kuuziba kwa siku sita, mwenye meli wa Kijapani alitangaza hasara ya pamoja. Ni kanuni kongwe sana: gharama iliyotumika makusudi kuokoa safari hugawanywa kwa wote waliokuwa na mali ndani yake, kila mtu kwa kadiri ya thamani yake. Mamlaka ya mfereji ilidai dola milioni 916 mwanzoni, na meli ikazuiliwa huko hadi tarehe 7 Julai. Mtu aliyekuwa na kontena moja la vyombo vya jikoni, kontena zima, kavu, halijaguswa, aliambiwa aweke dhamana kwanza ndipo akabidhiwe. Kuwaeleza wateja wangu kanuni hiyo ni kazi ngumu kuliko kuitetea mahakamani. "Mzigo wangu haukuharibika," wanasema. Nami nawajibu kwamba ndivyo hasa ilivyo: haukuharibika kwa sababu kuna aliyelipa.

Marehemu baba alikuwa karani wa tali bandarini. Alisimama kandokando ya ngama na kalamu sikioni, akihesabu magunia yanayoshuka kwenye wavu, mistari minne na wa tano ukikata. Jioni alirudi na vumbi la unga kwenye nyusi. Nilipokuwa mdogo niliona ni kazi ya watu wasiopata kazi. Nilipokuwa wakili ndipo nikaona majaji wakiziweka kando hotuba zetu za kurasa arobaini na kuomba karatasi ya tali. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wa zamani, na katika mahakama ya biashara huo si msemo wa ukutani. Aliyeandika siku ile ile, hata kwa mwandiko mbaya, humshinda anayekumbuka vizuri. Alipostaafu nilimfanyia yale niliyozoea kuwafanyia mashahidi wa melini kabla hawajasafiri: nilikaa naye kwa kalamu na daftari, jioni moja baada ya nyingine, nikaandika majina ya magati, ya maserahangi, ya meli zilizoleta ngano mwaka wa njaa. Alidhani nimerukwa na akili. Daftari hilo ninalo.

Wakaguzi wa mizigo wana kichupa kidogo cha nitrati ya fedha. Gunia likiwa limelowa, wanadondoshea matone. Yakigeuka meupe kama maziwa, hapo pana chumvi, na huenda bahari imeingia kupitia mifuniko ya ngama, jambo ambalo mwenye meli atalijibu. Yasipogeuka, maji yalikuwa ya mvua au ya jasho la ngama, na mazungumzo yanahamia kwa watu wengine kabisa: aliyeacha mifuniko wazi wakati wa kupakua, au aliyeyaacha magunia uwanjani usiku kucha. Sijaona hoja ya kisheria yenye nguvu kama matone hayo. Lakini gunia likishakauka, likachanganywa, likauzwa kwa bei ya kutupa, kichupa hakina la kusema. Ndiyo maana ninapopigiwa simu usiku sianzi na "sheria inasema." Naanza na "usiuze, piga picha, mwite mkaguzi."

Karatasi nayo ina majaribu yake. Hati ya shehena, ile wanayoiita BL hata wasiojua Kiingereza, ndiyo macho ya mnunuzi aliye mbali. Benki inalipa kwa kuiangalia hiyo, si kwa kuuangalia mzigo. Kwa hiyo muuzaji mwenye mzigo mbovu humbembeleza nahodha atoe hati safi, naye atampa barua ya kumkinga na madai. Mwaka 1957 jambo hilo lilifika mahakama ya rufaa ya Uingereza, kesi ya Brown Jenkinson na Percy Dalton: mapipa mia moja ya maji ya machungwa yaliyokolezwa, makuukuu na yanayovuja, yakasafirishwa kutoka London kwenda Hamburg kwa hati iliyosema yako katika hali nzuri. Wenye meli walipolipishwa, wakaikimbilia ile barua ya kinga. Mahakama ikakataa kuisimamia, kwa kuwa ilikuwa ni ahadi ya kumlipa mtu kwa kusema uongo. Wote waliohusika walikuwa watu wa kawaida wakifanya lililozoeleka bandarini, na sidhani yeyote kati yao alijiona mwizi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko wizi wenyewe. Sahihi yangu siitoi kwa sababu "kila mtu husaini."

Nikiulizwa ni nini kilichonifanya nibaki, sitaji ada, ingawa ada haijawahi kuniudhi. Nataja mpangilio wa malipo. Meli ikiuzwa na mahakama na fedha hazitoshi, kuna foleni. Mbele kabisa ni gharama za kuitunza na kuiuza, kisha wapo walioiokoa kama iliokolewa, na pamoja na hao wa mbele ni mabaharia na mishahara yao. Benki iliyokopesha mamilioni, yenye rehani iliyosajiliwa na mawakili wa viatu vya kung'aa, inasimama nyuma ya mpishi wa meli. Sijui sehemu nyingine ya sheria ya biashara yenye adabu kiasi hicho.

Nimeiona foleni hiyo ikifanya kazi. Meli moja ilitelekezwa nangani, mwenyewe hapokei simu, mabaharia wakichota mvua na kuvua samaki kwa mishipi. Watu wa misheni ya mabaharia waliwapelekea mchele na kadi za simu. Nahodha wao alikataa kushuka. Alisema akishuka meli itahesabiwa haina mtu, na vijana wake watapoteza walichokuwa nacho mkononi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, kama ulivyorekebishwa, unamhesabu baharia kuwa ametelekezwa asipolipwa mshahara wa miezi miwili, na unamtaka mwenye meli awe na bima ya kumlipa mpaka miezi minne na kumrudisha kwao. Meli ile ilikuwa na cheti cha bima kilichokwisha muda. Tukarudi kwenye njia ya zamani: tukaikamata, ikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, nao wakalipwa. Benki haikupata kitu. Wakili wake, rafiki yangu, hakunisemesha kwa muda.

Kazi hii pia huharibu. Inakufanya udai risiti mahali ambapo watu hutoa shukrani. Mke wangu husema nikialikwa harusini nitauliza mkataba unasimamiwa na sheria ya nchi gani. Kuna mambo ambayo hayawekewi dhamana, na mtu anayejaribu kuyawekea atabaki na karatasi peke yake. Ndugu anayekukopa kwa ajili ya hospitali humpi fomu. Nimejifunza kutofautisha: ninapotoa, natoa na kusahau, ninapokopesha, naandika. Ugomvi mwingi wa koo zetu hutoka kwa waliotoa huku wakidhani wamekopesha.

Basi ikiwa una mzigo njiani wakati huu, nakuomba ufanye mambo machache. Itafute hati yako ya shehena uigeuze. Nyuma kuna maandishi madogo kama chawa. Soma mpaka uone ni mahakama au wasuluhishi wa mji gani waliotajwa, maana huenda ugomvi wako wa Mombasa ukaamuliwa London au Singapore. Mzigo ukifika, ufungue mbele ya shahidi. Ukiuona umeharibika, andika siku hiyo hiyo; chini ya Kanuni za Hague za mwaka 1924, uharibifu usioonekana kwa nje una siku tatu tu za kutolewa taarifa. Na usikubali kuzungushwa kwa ahadi za "tunalishughulikia" hadi kalenda igeuke: kwa kanuni hizo hizo, mwaka mmoja ukipita tangu mzigo kukabidhiwa bila kesi kufunguliwa, dai lako limekufa, hata kama kila mtu anakubali kwamba ulikuwa na haki.